Habari za Kuchagua Shule: Neno kwa Wazazi

Mara nyingi watu wa hapa Mitundu hutujia na swali hili: Mbona mtoto amefaulu, walakini hakupata shule aliyoitamani? Basi mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili, maana limetupata hata sisi nyumbani mwetu.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Serikali ya Waingereza ilipofungua Shule ya Tabora mwaka 1925, waliotangulizwa ni wana wa machifu. Siku hizi hakiulizwi cheo cha baba. Huulizwa alama za mtoto na uchaguzi wake.

Mlango wa kwanza ni mtihani wa Darasa la Saba. Masomo ni sita, kila somo lina alama 50, jumla 300. Apataye 121 au zaidi amefaulu. Wengi huenda shule ya kutwa ya kata yao. Wenye alama za juu kabisa huweza kuitwa Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Tabora.

Mlango wa pili huja baada ya Kidato cha Nne, nao ndio uletao manung'uniko. Hapo mwanafunzi huchagua masomo matatu ya kuendelea nayo, yaani tahasusi, pamoja na shule. Kisha ofisi ya TAMISEMI hutazama mambo matatu: amefaulu kiasi gani, amechagua nini, na nafasi ni ngapi. Katika hesabu hiyo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda. Pointi za masomo saba aliyofanya vema zisizidi 25, tena za masomo matatu ya tahasusi zisizidi 10.

Sasa sikieni kosa letu. Mwana wetu alipojaza fomu yake, tulimwagiza aandike Fizikia, Kemia na Biolojia, maana tulitamani tabibu katika ukoo. Hatukumwuliza mwalimu, wala mtoto mwenyewe. Matokeo yalipotoka amepata daraja la pili, pointi 21. Tukafurahi, tukachinja kuku. Kesho yake mwalimu akaja na karatasi, akatuhesabia: Kemia C, Fizikia D, Biolojia D, jumla 11. Kwa pointi moja tu mlango umefungwa! Akahesabu tena: Historia B, Jiografia C, Kiswahili B, jumla 7. Mlango huo ulikuwa wazi, lakini hatukubisha hodi.

Ndipo mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mimi tangu zamani napenda kufundisha." Tuliona haya, maana miaka minne tulikaa naye nyumba moja bila kumwuliza.

Bahati njema, baada ya matokeo TAMISEMI huwapa wanafunzi muda wa kubadili uchaguzi wao kwa njia ya mtandao. Tuliketi na mwalimu, tukabadili kabla siku hazijakwisha. Akaitwa shule ya mkoa wa mbali. Ada ya Kidato cha Tano na Sita ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli na godoro ni juu ya mzazi. Mama yake akauza asali ya mizinga yetu, akasafiri.

Basi, ndugu, fomu ya mtoto isijazwe kwa tamaa ya baba wala kwa sifa ya jirani. Mwulizeni mtoto apendalo. Mwulizeni mwalimu aliwezalo. Kisha hesabuni pointi pamoja. Matokeo yakitoka, hesabuni tena upesi, maana muda wa kubadili ni mfupi. Nanyi walimu, msingoje kuitwa. Pigeni hodi, kama yule alivyopiga kwetu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.