Kujua Herufi za Kiarabu si Kusoma Hati za Kiswahili

Aliyejifunza herufi 28 za Kiarabu pamoja na alama zake, zikiwemo fataha, kasra na dhuma, huweza kuisoma Kurani. Akipewa hati kongwe ya utenzi wa Kiswahili, hukwama. Makala hii inaeleza sababu.

Kwanza, Kiswahili kina irabu tano, ilhali alama za irabu fupi ni tatu. Katika hati za kale, kasra husimamia /i/ na /e/, na dhuma husimamia /u/ na /o/. Pili, Kiarabu hakina /p/ wala /v/. Waandishi wengi waliitumia ba kwa /b/ na /p/, na mara nyingi hata kwa /mb/, nazali ikiachwa. Hivyo, ba mbili zenye kasra, kati yake pakiwa na ya, zaweza kusomwa bibi au pembe. Zikiwa na dhuma na wau, zaweza kuwa bubu au popo.

Msomaji huamua kwa muktadha, vina na mizani, yaani kwa Kiswahili anachokijua tayari. Marekebisho ya karne ya 20, kama ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, yalipunguza utata huo, lakini hati zilizotangulia zilibaki zilivyo.

Kwa hiyo, kila unukuzi wa hati hizo kwa herufi za Kirumi ni fasiri. Mtafiti asiyeweza kurejea hati yenyewe hana njia ya kuupima uamuzi wa mnukuzi. Huurithi pamoja na makosa yake.