Galatoni: Litobolewe au Libaki Kavu?

Watu wazima wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wakisema "galatoni" huwa na maana ya gitaa kavu la aina yoyote, hata kama limetoka China mwaka jana. Asili ya neno hilo ni jina la biashara. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg, ambayo Eric Gallo aliianzisha mwaka 1926, ilikuwa ikiuza santuri na magitaa ya bei nafuu kwa jina la Gallotone. Jina likawa la kila mtu, kama vile tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate.

Njia ya magitaa hayo kufika huku haina maajabu. Vijana wa nyanda za juu kusini walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya shaba ya Kitwe na Luanshya, na wengine waliandikishwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini, hadi Tanganyika iliposimamisha uandikishaji huo baada ya uhuru wa 1961. Aliyerudi na baiskeli alisifiwa. Aliyerudi na gitaa alialikwa kila harusi. Santuri nazo zilikuwa mwalimu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alisikika kote huku kwa santuri za Gallotone, na wapigaji wengi walijifunza vidole viwili kwa kumfuatisha yeye.

Lilikuwa gitaa la mtu wa kawaida, la mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Hata John Lennon wa Uingereza alianza na Gallotone lililoagizwa kwa posta mwaka 1957, likiwa na karatasi ndani iliyoahidi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi 140,000. Tafadhali usikimbilie darini kwa babu. Lililolipiwa pale ni jina la Lennon.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Mwenye gitaa la zamani anaombwa apige kanisani au kwenye sherehe, ambako kuna kinanda, ngoma na spika kubwa. Gitaa kavu halisikiki hata safu ya pili, na mpigaji asiyesikika haalikwi tena. Kwa hiyo wapo wanaolipeleka kwa fundi litobolewe, litiwe umeme. Wengine, hasa waliorithi, wanasema gitaa lililotobolewa limekufa. Wa kwanza wanazungumzia riziki, wa pili wanazungumzia sauti, na kila upande una hoja.

Ili kuamua, lazima kujua umeme unaingiaje. Pikapu ya sumaku huwekwa chini ya nyuzi, nayo huhisi chuma kinachotikisika. Mbao haizisikii sawasawa, na nyuzi za nailoni haizisikii kabisa. Ukiifunga kwenye galatoni utapata gitaa la umeme la kawaida lenye tumbo kubwa. Aina ya pili ni kipande chembamba, kama kisahani kidogo, kinachobandikwa karibu na daraja linalobeba nyuzi. Hicho hugeuza mtikisiko wa mbao kuwa umeme, hivyo sauti ya kisanduku hubaki. Umeme wake ni dhaifu, na mara nyingi huhitaji kikuza sauti kidogo chenye betri ya volti 9.

Kero yake ni mluzi. Sauti ya spika hurudi na kulitikisa tumbo la gitaa, kipande kinahisi tena, na mzunguko huo hukua mpaka waumini wanaziba masikio. Mpigaji asisimame akiitazama spika, na tundu la sauti lizibwe kwa mfuniko wa mpira. Wengi hulaumu gitaa wakati kosa ni mahali waliposimama.

Maoni yangu ni kwamba gitaa la zamani lisitobolewe ubavuni kwa ajili ya vifungo vya sauti. Tobo hilo halizibiki vizuri, na ubavu ukishakatwa hudhoofika, hasa miezi ya Mei hadi Oktoba, upepo mkavu unapovuta unyevu wote kwenye mbao. Kisahani cha kubandika hutolewa bila kuacha jeraha, na waya wake unaweza kupita kwenye tundu la sauti. Anayetaka vifungo vya kuongeza besi na kukata mluzi anunue gitaa jipya ambalo kiwanda kimelitengeneza hivyo. Galatoni la babu libaki nyumbani kwa kufundishia watoto.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwambie akibandike kwanza kwa gundi hafifu, upige wimbo mzima, kisha mkisogeze. Sentimita mbili tu kuelekea shingoni hubadili sauti yote, na mahali pazuri hupatikana kwa sikio lako.