Kipaji cha mtoto (3): Siku mbili shuleni, siku tatu nyumbani

Katika makala mbili zilizopita tulieleza jinsi mtoto mwenye kipaji kikubwa anavyotambuliwa, na kwa nini kumrusha darasa peke yake hakumalizi shida zake. Leo tunaingia katika utaratibu ambao wasomaji wengi hawajapata kuusikia: mzazi anamsomesha mtoto nyumbani, na shule ya umma inamfungulia mlango siku moja au mbili za wiki bila kumtoza ada. Utaratibu huu umeota mizizi Marekani, hasa katika majimbo ya magharibi. Nitautazama zaidi jimboni Washington, kwa kuwa sheria za huko zinaeleza bayana nani anawajibika kwa nini.

Kwanza tujue shida inayotibiwa. Mwaka 1991 kundi la wazazi na wataalamu lililokutana Columbus, Ohio, lilipendekeza kipaji kisitazamwe kwa alama na mafanikio tu, bali kama ukuaji usiokwenda sambamba. Akili imetangulia mbali, hisia zinaifuata kwa nyuma, na vidole vinavyoshika penseli ni vya umri wake halisi. Mtoto wa miaka 6 anaweza kusoma vitabu vya darasa la tano, akakokotoa hesabu za darasa la nne, kisha akaangua kilio kwa sababu mwenzake kamchukulia kalamu ya rangi. Ukimweka darasa la kwanza, atakaa mwaka mzima akisubiri wenzake. Ukimweka la tano, atakuwa mdogo wa kila mtu uwanjani, na jioni atarudi nyumbani amechoka kwa namna ambayo hawezi kuieleza. Hakuna darasa moja linalomtosha, kwa sababu hana umri mmoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua hautoki Marekani. Ni wa mwanahisabati Terence Tao, aliyezaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1975. Baba yake ni daktari wa watoto, na mama yake alisomea fizikia na hisabati. Walipomwandikisha shule akiwa na miaka mitatu na nusu, masomo aliyaweza. Alichokuwa hajakiweza ni kukaa siku nzima na watoto waliomzidi sana umri. Baada ya majuma machache wazazi wakamtoa. Kabla ya kuanza shule ya msingi, mama yake alimwongoza nyumbani katika karibu mtaala wote wa hisabati wa shule hiyo. Alipofika miaka 5 wakamwandikisha Bellevue Heights, shule ya msingi ya umma iliyokuwa karibu na kwao, ambayo mkuu wake alikubali kuilegeza ratiba. Tao akawa anakaa na wadogo kwa somo hili na wakubwa kwa somo lile. Alipokuwa na miaka 8 hivi, alikuwa akienda pia Blackwood High School kwa vipindi vya hisabati.

Wanaosimulia habari za Tao hukimbilia medali: dhahabu ya Olimpiadi ya Hisabati ya Kimataifa mwaka 1988 akiwa na miaka 13, na Fields Medal mwaka 2006. Mimi navutiwa zaidi na yale majuma machache ya shule ya kwanza, na wazazi waliokuwa radhi kurudi nyuma. Waliona kwamba mtoto kuweza somo si sawa na kuwa tayari kwa shule nzima, wakayatenganisha mambo hayo mawili. Kutenganisha huko ndiko mipango ya shule ya umma ya siku chache inakojaribu kukufanya utaratibu wa kawaida, ili usitegemee bahati ya kumpata mkuu wa shule mwenye moyo mpana.

Turudi Washington. Huko mtoto halazimiki kisheria kusoma mpaka atimize miaka 8, umri wa kuchelewa kuliko majimbo mengi. Kwa hiyo wazazi wa mtoto mdogo wana nafasi ya kujaribu hiki na kile. Hata hivyo, akishaandikishwa shule ya umma akiwa na miaka 6 au 7, sheria ya mahudhurio inamhusu. Baada ya hapo kuna njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza wengi.

Njia ya kwanza ni elimu ya nyumbani kamili, iliyowekewa sheria mwaka 1985. Mzazi hutoa taarifa ya maandishi kila mwaka, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Septemba. Anatakiwa awe na masomo kadhaa ya chuo, au awe amehudhuria kozi ya kufundisha nyumbani, au asimamiwe na mwalimu mwenye leseni, au aridhiwe na msimamizi wa elimu wa wilaya. Mtoto hupimwa kila mwaka. Sheria ya jimbo inazitaka pia bodi za shule kumruhusu mtoto wa namna hii kuandikishwa kwa vipindi tu, sayansi na muziki kwa mfano. Hapo mwalimu mkuu wa mtoto ni mzazi, na shule inamsaidia.

Njia ya pili ni mipango ya ushirika wa wazazi na shule. Seattle, kwa mfano, kuna Cascade Parent Partnership Program, shule ya umma ya chekechea hadi darasa la nane. Mtoto wa mpango kama huo ni mwanafunzi wa umma, ingawa sehemu kubwa ya masomo anaweza kuyapata mezani kwao. Mwalimu mwenye leseni huandika naye na mzazi mpango wa kujifunza, huwasiliana na mtoto kila wiki, na hupima maendeleo yake kila mwezi. Mtoto akionekana hasogei, mpango hurekebishwa kwa maandishi. Mzazi hutia sahihi karatasi inayosema ameelewa kwamba hii si ile elimu ya nyumbani ya sheria ya 1985.

Wapo wanaoiona sahihi hiyo kuwa urasimu. Mimi naiona ndiyo kinga ya mtoto. Mtoto mwenye kipaji ni rahisi kupotea machoni pa watu, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwingine anamshughulikia: shule inasema huyu anajua tayari, mzazi anasema shule itampandisha. Mpango ulioandikwa kwa jina lake unamlazimu mtu mmoja ajibu, kila mwezi, kama mtoto huyu amejifunza jambo jipya.

Alaska ilitangulia kwa sababu ya jiografia. Ilianza kusomesha watoto wa vijiji vya mbali kwa barua mwaka 1939. Leo wanafunzi zaidi ya 20,000 wamo katika shule zake za masafa, na familia hupewa fungu la fedha za umma la vitabu na masomo. Mwaka 2024 mahakama ya chini iliamua fungu hilo linakiuka katiba ya jimbo, na Mahakama ya Juu ya Alaska ikaubatilisha uamuzi huo mwaka huohuo. Colorado, kwa upande wake, huruhusu mtoto mwenye kipaji kikubwa kuanza chekechea akiwa na miaka 4 na darasa la kwanza akiwa na 5, na wilaya zake nyingi zina shule za siku moja kwa wiki kwa wanaosoma nyumbani.

Sasa upande unaonisumbua. Siku tatu nyumbani zinahitaji mtu mzima aliye nyumbani. Sheria ya Washington ya mwaka 2023 inazitaka wilaya ziwachuje watoto wote kufikia darasa la pili, ili vipaji vya watoto wa maskini na wa wahamiaji visifichike. Ni sheria njema. Lakini mama anayefanya kazi ya zamu, akiambiwa mwanawe ana kipaji, hawezi kuitumia ratiba ya siku mbili hata ikiwa bure. Mlango uko wazi, na yeye yuko kazini.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulifuatilia jambo hili. Tunazo shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na nyinginezo, na zimetulea wengi. Lakini zinapokea mtoto baada ya shule ya msingi. Yule wa miaka 5 anayesoma gazeti la baba yake huku darasani wenzake wakifundishwa irabu hana pa kwenda kwa miaka saba, na baadhi ya watoto kama yeye kufikia hapo wamekwisha kujifunza kukaa kimya. Hao hawahitaji majengo mapya. Wangeanza na ratiba inayomruhusu mtoto wa darasa la kwanza kuvuka ukumbi na kuingia darasa la nne kwa kipindi cha hisabati, kisha kurudi kwa wenzake kabla ya mapumziko. Wiki ijayo tutaziangalia shule zilizofanya hivyo, na walimu wake walivyozipanga saa.