Shingo Baada ya Pingili Kuunganishwa

Shingo ya binadamu ina pingili saba, lakini hazigawani kazi sawasawa. Mbili za juu, zilizo chini ya fuvu, peke yake hubeba karibu nusu ya mgeuko wa kichwa kulia na kushoto. Ndiyo maana mgonjwa aliyeunganishwa pingili ya tano na ya sita kwa kipande cha mfupa, bamba la titani na skrubu hupungukiwa kidogo tu, na wengi hawaoni tofauti. Aliyeunganishwa zile mbili za juu hugeuza mabega yote ili amwone anayemwita kutoka nyuma.

Mfupa hushikana kwa miezi kadhaa, pengine hata mwaka, na sigara huuchelewesha. Aliyepasuliwa kwa mbele ya koo hupata shida ya kumeza siku za mwanzo. Uji humfaa kuliko ugali mkavu.

Kwa mkulima wa mpunga wa Namawala, karibu na Ifakara, jambo zito ni ndoo ya maji. Lita 20 kichwani ni kilo 20 zinazokandamiza shingo moja kwa moja. Pingili zilizounganishwa hazinyumbuki tena, hivyo zile za jirani, juu na chini yake, hufanya kazi ya ziada na huweza kuchakaa mapema. Kata haipunguzi uzito huo. Maji yabebwe kwa baiskeli au toroli, na jamaa wasimwone mgonjwa kuwa mvivu. Palizi ifanywe kwa vipindi vifupi. Anayeamia ndege dunguni ageuke mwili mzima badala ya kuinua kidevu kwa nguvu, na mwendesha baiskeli ashuke kabla ya kuvuka barabara, kwani bodaboda hutokea nyuma ghafla.

Kuna desturi ya vinyozi ya kumzungusha mteja shingo mpaka ialike. Aliyefanyiwa upasuaji huu asikubali kabisa. Mazoezi anayopewa na mtaalamu wa fiziotherapia ni ya polepole, bila kushtua.

Mikono ikilegea, miguu ikiyumba, mkojo ukishindikana kuzuiwa, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa apelekwe siku hiyo hiyo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Uti wa mgongo uliobanwa hausubiri mavuno yaishe.