Wapanda Baiskeli Wawili Ubavuni, na Namna ya Kuwapita

Katika barabara kuu zitokazo Dodoma, ile iendayo Morogoro, ile iendayo Singida kwa kupitia Bahi na Manyoni, ile ya Iringa ipitayo Mtera, na ile ya kaskazini iendayo Kondoa na Babati, ambayo zamani ilihesabiwa katika njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Kairo, lori na baiskeli hazikosi kukutana. Lori huchukua shehena ya bandari ya Dar es Salaam kuipeleka Rwanda, Burundi na Kongo. Baiskeli huchukua mkaa, madumu ya maji, mwanafunzi na nduguye, au watu wawili watokao mnadani Msalato wakizungumza bei ya ng'ombe. Hawa wawili, waendao ubavu kwa ubavu, ndio aghalabu hupigiwa honi kwa ghadhabu, kwa dhana kwamba wamewazibia wenziwao njia. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa hesabu.

Basi au lori lina upana wa mita 2.5 hivi. Mpanda baiskeli mwenye hadhari hujitenga na ukingo wa lami kwa nusu mita, kwa kuwa mvua za nchi hii, ingawa ni chache, hunyesha kwa nguvu na kuumega ukingo huo. Mwili wake na usukani hutwaa kama mita 0.7. Ukiongeza mita 1.5 za nafasi baina yake na gari, jumla ni mita 5.2, ilhali upande mmoja wa barabara zetu kuu haufiki mita 4. Basi dereva hawezi kumpita kwa salama hata mpanda baiskeli aliye peke yake ila avuke mstari wa kati, wala hana ruhusa ya kuuvuka mpaka upande wa pili uwe mtupu. Na ukiwa mtupu kwa ajili ya mmoja, ni mtupu kwa ajili ya wawili, maana wa pili huongeza kama mita moja tu. Asemaye kwamba wangalifuatana angalipita bila ya kungoja, amekusudia, ajue asijue, kupita kwa kumbana mtu.

Tena wakiwa wengi, kwenda wawili wawili humfaa dereva mwenyewe. Wapanda baiskeli wanane waliofuatana, wakiachana mita 3, hufanya msafara wa mita 35. Wakijipanga wawili wawili msafara huwa mita 16, na lori lenye tela hukaa muda mchache zaidi upande usio wake.

Lakini jambo lililo zito kuliko yote, na ambalo halisemwi vya kutosha, ni upepo. Nguvu ya hewa isukumwayo na gari hukua kwa mraba wa mwendo, hata gari la kilomita 80 kwa saa humsukuma mtu mara nne kuliko lile la 40. Juu ya hayo, uwanda wa Dodoma ni nchi ya upepo, na wakati wa kusi upepo huo huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki. Aendaye Kondoa huupokea kwa mkono wa kuume, naye bila ya kufikiri huulalia ili asianguke. Lori linapompita kwa kuume humkinga upepo kwa ghafula; kile alichokuwa amekiegemea kimeondoka, naye huyumba kuelekea magurudumu, na mkia wa lori ukisha kupita, upepo humrudia kwa kishindo na kumtupa kando. Mita 1.5 ni nafasi ya kuyumba huko, na mwenye gunia nyuma huyumba zaidi.

Hispania huwaruhusu wapanda baiskeli kwenda wawili wawili na humtaka dereva awaachie mita 1.5, Ufaransa hutaka kadiri hiyo hiyo nje ya miji, na kuwaamuru wapanda baiskeli warudi safu moja usiku ukiingia. Amri hii ya pili naiona ya insafu, hasa kwetu ambako baiskeli nyingi hazina taa. Wala wapanda baiskeli wasichukue ruhusa hiyo kuwa idhini ya kwenda watatu, au ya kuzungumza wawili penye kona na miinuko ambapo dereva haoni mbele. Na mwenye magunia ya mkaa yaliyolazwa mkingamo amekwisha kuwa na upana wa watu wawili, aende peke yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na vijiji vingi vya uwanda huu vimejengwa kando ya lami. Wewe dereva, uwaonapo wawili mbele yako, punguza mwendo mapema, kaa nyuma yao mpaka upande wa pili uwe mtupu, kisha uhamie huko kwa ukamilifu, wala usirudi upande wako mpaka uwaone wote wawili katika kioo.