Fundo la Kikelti Halina Tafsiri

"Fundo gani la Kikelti lina maana ya upendo wa milele?" Anayeuliza huwa anataka tatuu, pete ya ndoa au nembo ya duka, na tayari ana jedwali alilolitoa mtandaoni: fundo la wapendanao, fundo la mama na mwana, fundo la ngao, kila moja na fumbo lake la wahenga. Jibu langu halijabadilika. Hakuna. Majedwali hayo ni ya wauza vidani.

Hakuna andiko la enzi mafundo haya yalipochorwa lililotufikia linalosema fundo hili ni la nini na lile ni la nini. Watawa waliochora Kitabu cha Kells, mnamo mwaka 800, walijaza kurasa nyuzi zilizosukwa, nyoka na ndege wenye shingo za kamba, wala hawakuacha ufunguo. Na hao wahenga wenyewe wamepachikwa tu. Sanaa ya Wakelti wa kabla ya Kristo, iitwayo La Tène, ni ya mizunguko na mikunjo; misuko ya namna hii haimo. Misuko ilikuwa kwenye sakafu za Warumi na katika vitabu vya Wakopti wa Misri kabla ya kushamiri Ayalandi. Bizimu ya dhahabu ya Sutton Hoo, iliyofukuliwa Uingereza mwaka 1939, imejaa nyoka waliosokotana, nayo ni mali ya Waanglo-Saksoni, si ya Wakelti. Injili za Lindisfarne, zinazoshindana na Kells kwa uzuri, huhesabiwa kuwa kazi ya Eadfrith, askofu Mwanglo-Saksoni vilevile. Mtu akitaka fundo la pembe tatu limkumbushe Utatu Mtakatifu, au bibi yake, ruksa. Asiseme tu kwamba kaambiwa na karne ya 8.

Linaloniudhi zaidi ni hili la "uzi mmoja usio na mwanzo wala mwisho, ndio umilele". Basi tuhesabu. Chora mstatili wa miraba 3 kwa 4. Weka nukta katikati ya kila upande wa kila mraba, kisha ndani ya kila mraba unganisha nukta jirani kwa mistari ya mshazari. Huo ndio msuko. Ufuate kwa kalamu, ukienda moja kwa moja kila mistari inapokatana: uzi ni mmoja. Rudia kwa 4 kwa 6: nyuzi mbili. Idadi ya nyuzi ni kigawo kikubwa cha shirika cha pande mbili, somo la shule ya msingi. Ongeza safu moja kwenye ule wa kwanza, uwe 4 kwa 4, na umilele wako umekatika vipande vinne.

Ufundi wenyewe unaanzia hapo, na ndio usioulizwa. Chagua makutano mamoja ya nyuzi ndani ya mchoro, weka ukuta mfupi, na nyuzi zinazofika hapo zigeuke badala ya kupishana. Nyuzi mbili tofauti zikikutana ukutani huwa moja. Ukuta wa pili unaweza kuzitenga tena. Kwa kuta kumi hivi, msuko wa kawaida kama ukili wa mkeka unageuka mafundo. Mtafiti J. Romilly Allen alilieleza hilo katika kitabu chake cha 1904: karibu mafundo yote yanatokana na msuko uliokatwa, na yanarudi kwenye mafundo ya msingi manane. Manane!

Wa kujifunza basi: daftari la hesabu lenye miraba, penseli, kifutio. Kitabu cha George Bain, Mskoti, cha 1951, kina mbinu zote ila ni kigumu. Cha mwanawe Iain ni chepesi zaidi, anza nacho. Aidan Meehan ana mfululizo mzima, hatua kwa hatua. Picha za Kells ziko bure kwenye tovuti ya Trinity College, Dublin: nakili huko, si kwenye fulana. Wa kompyuta, programu ya kuchorea ya Inkscape ni ya bure na ina zana ya kupitisha nyuzi juu na chini. Wa tatuu, kagua mchoro kwa kidole kabla ya sindano: juu, chini, juu, chini. Ukipita juu mara mbili mfululizo, mrudishie mchoraji.