Duka la Farsani katika Mji wa Ahmedabad

Katika mji wa Ahmedabad, ulio katika jimbo la Gujarat huko Bara Hindi, ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411 kando ya mto Sabarmati, na ambao sehemu yake ya kale ilitiwa mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa dunia, ni shida mtu kupita mitaani asubuhi asikutane na harufu ya unga wa dengu unaokaangwa. Harufu hiyo yatoka katika maduka ya farsani, yaani vitafunio vya chumvi na viungo ambavyo Wagujarati hufungulia kinywa, huwaandalia wageni kwa chai ya alasiri, huvitia katika mizigo ya safari, na siku za sikukuu hupelekeana nyumba kwa nyumba. Yapo maduka mashuhuri yenye tarehe zinazojulikana, kama vile Kandoi Bhogilal Mulchand, ambalo sifa yake kubwa ni vyakula vitamu na limekuwapo tangu mwaka 1845, na Das Khaman, lililoanza mwaka 1922. Lakini yako na mengine mengi yasiyo na jina kubwa, yaliyorithiwa na mwana kwa baba katika vichochoro vya mji wa kale, na hayo ndiyo yanayonivutia zaidi.

Katika duka la namna hiyo karai halifichwi jikoni. Huwekwa mbele, ukingoni mwa njia, mahali ambapo mnunuzi akisimama huyaona mafuta, huuona unga, na huiona mikono ya fundi, hata muuzaji hana haja ya kuapa juu ya ubora wa mali yake. Fundi huketi nyuma ya ubao mpana uliolainika kwa kutumika miaka mingi, na kando yake pana donge la unga wa dengu uliokandwa kwa mafuta, chumvi, mbegu za ajwani, pilipili manga iliyopondwa nusunusu, mvuje kidogo, na maji yaliyoyeyushiwa magadi, ambayo ndiyo yaipayo gathia, yaani misokoto ya unga wa dengu iliyokaangwa, wepesi wake. Humega kipande, hukiweka juu ya ubao, hukisukuma mbele kwa kitako cha kiganja huku akikizungusha, na papo hapo hutoka msokoto mmoja ambao huutupa katika mafuta kabla jicho la mtazamaji halijafahamu ulivyofanyika. Akitaka kufanya fafda, huukandamiza unga kwa kiganja hichohicho na kuuvuta mpaka uwe utepe mrefu mwembamba mno, kisha huubandua kwa kisu kirefu bila ya kuukata wala kuukunja. Nilitazama kazi hii kwa muda mrefu, na nakiri kwamba sijaona katika sanaa ya upishi mkono uliotulia zaidi.

Moto nao una elimu yake. Mafuta yakizidi joto, gathia huungua nje ikabaki mbichi ndani. Yakipungua, huyanywa mafuta ikawa nzito, na mnunuzi aijuaye huirudisha. Fundi hana kipimajoto; hudondosha chembe ya unga akatazama inavyopanda juu, na kwa dalili hiyo huongeza moto au huupunguza. Ikiisha kuiva, gathia huliwa moto, aghalabu mtu akiwa amesimama, pamoja na papai bichi lililoparuzwa na kukaangwa kidogo kwa haradali na manjano, na pilipili mbichi zilizokaangwa nzima na kunyunyiziwa chumvi. Papai na pilipili hizo kwa desturi hazitozwi thamani, maana huhesabiwa kuwa ni haki ya mla gathia, na duka lizifanyalo uchoyo hupoteza jina.

Nyuma ya karai ndimo mlimo na masinia na madebe. Mna sev, yaani nyuzi za unga wa dengu za unene mbalimbali, zinazosukumwa kutoka katika chombo cha shaba chenye matundu chini. Mna chevda ya pepeta, karanga, dengu na zabibu. Mna kachori ndogo kavu za namna ya Jamnagar, na gathia laini za namna ya Bhavnagar. Na mna khakhra, mikate myembamba ya ngano iliyokaushwa juu ya chuma mpaka ikawa ya kuvunjika. Hivi hukaa majuma kadhaa bila ya kuharibika. Vile vya maji, kama dhokla na khaman, ambayo ni mikate laini ya mvuke, na majani ya magimbi yaliyopakwa unga wa dengu, yakaviringwa, yakapikwa kwa mvuke na kukatwa vipande, havina budi kuliwa siku ileile.

Watu wengi huvila vyakula hivi bila ya kujiuliza kwa nini jimbo moja la Bara Hindi likatoa vitafunio vingi kiasi hiki vya unga wa dengu, na jawabu, kwa maoni yangu, limo katika dini na katika biashara. Wajaini, na wengi katika Wahindu wa Gujarat, hawali nyama wala mayai. Wajaini washikao sana sheria yao hawali pia vitu vinavyochimbwa ardhini, kama viazi, vitunguu na thomu, hawali baada ya jua kutua, na katika siku takatifu za Paryushan wengi wao huacha hata mboga za majani. Mtu aliyefungiwa milango hiyo yote hubakiwa na nafaka, kunde na viungo, na ndipo mvuje ulipochukua mahali pa kitunguu na thomu katika kuupa mchuzi ladha. Fauka ya hayo, Wagujarati ni watu wa safari, na msafiri asiyeweza kula katika chungu cha ugenini hana budi kuchukua chakula chake kikavu, kisichooza na kisichohitaji moto.

Hapo ndipo habari hii inapotufikia sisi watu wa pwani. Majahazi yaliyong'oa nanga Mandvi, katika nchi ya Kachchh, yakaletwa na kaskazi hadi Unguja, yaliwaleta wafanyabiashara waliopata daraja kubwa katika enzi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, akiwamo Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilishika forodha ya Unguja. Pamoja na vitambaa na vitabu vya hesabu, watu hao walileta na namna yao ya kula, na leo hapana Mswahili wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam asiyeijua chevda na bajia. Nasi tumeongeza cha kwetu: vipande vyembamba vya muhogo vilivyokaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, ambavyo katika maduka ya Wahindi wa pwani hukaa sambamba na sev, na ambavyo Mzanzibari huvitia juu ya urojo wake.

Hadhi ya maduka haya huonekana zaidi siku ya Dussehra, sikukuu ya ushindi wa Rama juu ya Ravana, ambapo miji ya Gujarat hula fafda kwa zelabia, na safu za wanunuzi huanza alfajiri. Lakini siku za kawaida mambo yamebadilika. Viwanda hujaza sev na chevda katika vifuko kwa mashine; mafuta ya karanga, ambayo ni fahari ya Saurashtra, yameyaachia nafasi mafuta ya pamba na ya mawese kwa sababu ya bei; na vijana wengi hawaoni sababu ya kukaa mbele ya karai tangu alfajiri. Sev ya kifuko si mbaya, na haifai kuidharau. Fafda, hata hivyo, hulegea saa chache tu baada ya kutoka motoni, wala hapana mashine niijuayo iwezayo kushika kazi ya kile kiganja.

Basi msomaji ajaliwaye kufika Ahmedabad na aende mapema, kabla jua halijapanda, alitafute duka ambalo karai lake laonekana, aulize mafuta ni ya nini, aagize robo kilo ya gathia, na aile palepale.